Namba Iliyodhaniwa Tasa

Lugha yetu huiita tasa namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tutazame moja yenye tarakimu 21: 147,573,952,589,676,412,927. Huipata mtu akitwaa 2 zipatazo 67, akazizidisha pamoja, kisha akatoa 1.

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliitia katika orodha ya namba alizozihesabu kuwa tasa. Zikapita karne mbili na zaidi. Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba si tasa. Lakini njia yake haikuvionyesha vigawo vyake. Ikajulikana kuwa namba ile ina watoto, wala hapakuwa na aliyewaona.

Oktoba 1903, mjini New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake wa Marekani. Husimuliwa kwamba hakutamka neno. Aliiandika namba ile ubaoni, kisha akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu, majibu yakalingana. Akarudi kuketi, na ukumbi ukamshangilia. Yasemekana kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Sisi walimu wa lugha tumemnyamazisha mwanafunzi mara ngapi kwa kumwambia kwamba kitabu kimesema? Mersenne alikuwa mwanachuoni mkubwa, naye alikosea. Chaki na subira vilitosha kulikata shauri. Basi mwanafunzi akituuliza ushahidi wa kanuni ya sarufi, tusimkemee. Tumpe chaki.