Gesi Isiyovuja

Siku hizi hewa ukaa ni biashara. Vijiji vinavyotunza misitu nchini Tanzania huiuza, halmashauri hupata mapato, na wakulima wamelizoea neno lenyewe. Lakini ukifungua gazeti la msimu wa baridi, unalikuta tena kwenye habari ya msiba: familia ililala na jiko la mkaa ndani, na kinachotajwa kuwaua ni moshi au “hewa ya ukaa”.

Gesi hizo ni mbili. Inayouzwa msituni ni kaboni dayoksaidi, ileile tunayoitoa tukipumua. Inayoua chumbani ni kaboni monoksaidi, yenye chembe moja tu ya oksijeni badala ya mbili. Pungufu hilo dogo huigeuza kuwa hatari: huing'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili ukakosa hewa huku mapafu yakipumua.

Tukisema “moshi” tunapotea zaidi. Watu wa nyanda za baridi huliacha jiko nje hadi moshi uishe, moto ukolee, ndipo waliingize chumbani. Hapo wameondoa kinachowasha macho, wakabaki na kisicho na rangi wala harufu.

Kitenzi nacho kina lawama. Tunauliza kama gesi “inavuja”. Mtungi wa kupikia ndio unaovuja, na gesi yake imetiwa harufu makusudi ili pua ijue. Fundi hupaka povu la sabuni kwenye maungio, akiona mapovu anakaza. Hita ya maji ya bafuni inayotumia gesi inaweza kufaulu mtihani huo wote na bado ikaua, maana kaboni monoksaidi haikuwa mtungini wala bombani. Inazalika palepale kwenye moto uliokosa hewa ya kutosha, na dohani ikiziba inarudi chumbani. Kwa hiyo vitenzi vyake ni kuzalika na kurudi. Anayetafuta penye kuvuja atakagua bomba na kuusahau moto.

Na chombo cha kuitafuta tukiiteje? King'amuzi kingefaa, ila televisheni zimeshakichukua. Jina la kigunduzi linakifaa kile cha ukutani, chenye kazi ya kupiga kelele hatari ikifika. Hata hivyo hakina haraka. Kwa kiwango cha Marekani kiitwacho UL 2034, gesi ikifika sehemu 70 katika kila milioni za hewa, kigunduzi kinapaswa kulia baada ya saa moja na kabla ya saa nne kupita. Ikiwa sehemu 30, hakiruhusiwi kulia kabla ya siku 30. Ukimya wake, basi, si cheti cha hewa safi.

Kile cha mkononi ningekiita kipima, kwa sababu kinatoa hesabu. Fundi hukiwasha nje, kwenye hewa safi, kisome sifuri. Anaingia nacho kikiwa kimo cha pua, akiangalia namba tangu mlangoni. Ikipanda ghafla anatoka na kuwatoa waliomo. Ikiwa shwari, hufunga madirisha, huwasha hita na kuiacha ifanye kazi, kisha hupima karibu na dohani na katikati ya chumba. Ndani ya kipima, gesi hukutana na kemikali na kuzaa umeme mdogo unaogeuzwa kuwa namba. Kemikali hizo huchakaa, hivyo kipima huhitaji kuhakikiwa, kama mizani ya sokoni.

Kwenye kioo herufi ppm husimama kando ya namba. Tuzisome kwa Kiswahili, “sehemu kwa milioni”, ili mwenye nyumba asidhani ni asilimia wala nyuzi za joto.

Basi hewa ukaa tuwaachie wenye misitu. Ya chumbani iitwe kaboni monoksaidi, jina refu na lisilo na mvuto, lakini lisilo na pacha. Na fundi akija, mteja asimwulize kama hita inavuja. Amwulize: nje kipima kilisoma ngapi, na humu ndani, hita ikiwaka, kinasoma ngapi?