Kazi ya Nyumbani: Je, Itaifaa Ofisi Yako?

Machi 2020, korona ilipoingia Kenya, serikali iliwataka waajiri wawaruhusu wafanyakazi wao kufanyia kazi nyumbani. Korona ilipita, swali likabaki kwa wenye biashara: je, wote warudi ofisini? Jibu hupatikana kwa kuitazama kazi yenyewe kabla ya kumtazama mfanyakazi.

Chukua mfano wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Karani huingiza nyaraka kwenye mfumo wa forodha kwa kompyuta. Kazi hiyo aweza kuifanya akiwa kwake Likoni, akaepuka foleni ya feri. Lakini kontena likifunguliwa kukaguliwa, sharti mwenzake awe pale pale. Ofisi ni moja, kazi ni mbili.

Kabla ya kuamua, pima mambo haya:

Hasara ya kuchelewa. Karani asipopatikana kwa saa mbili, itakuwaje? Siku za bure zikiisha, mzigo huanza kutozwa ada ya kuhifadhiwa.

Stima na intaneti. Kubalianeni mapema nani atalipia bando, na stima ikikatika mfanyakazi aende wapi. Si haki gharama ya ofisi ihamie kimyakimya mfukoni mwake.

Nyumba yenyewe. Chumba kimoja chenye watoto watatu si ofisi. Muulize mfanyakazi, usimkisie.

Siri za wateja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka ulinde taarifa za watu popote zinapotumiwa. Kompyuta ya kazi isiwe ya familia nzima.

Wageni kazini. Kijana aliyeajiriwa juzi hujifunza kwa kukaa karibu na mkongwe. Huyo mwache ofisini kwanza.

Ukiona inafaa, jaribu miezi mitatu, siku mbili kwa wiki. Hesabu makosa ya nyaraka, mizigo iliyochelewa na malalamiko ya wateja, kisha ulinganishe na miezi mitatu ya nyuma. Saa za kupatikana na gharama ziandikwe, pande zote mbili zitie sahihi.

Mwisho, usimsahau yule wa bandarini. Akiona wenzake wako nyumbani naye yuko juani kila siku, atanung'unika, na ana haki. Mtafutie nafuu yake: nauli, au siku ya kutoka mapema. Timu huvunjika kwa manung'uniko kama haya kabla intaneti haijakatika.