Kiburi na Anguko: Hadithi za Wayunani na Mambo ya Kwetu Katanga

Huku kwetu Kambove hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya kuanguka. Shaba ilichimbwa hapa kabla babu zetu hawajamwona Mzungu hata mmoja, tena inachimbwa hata leo. Kila jamaa inajua shimo lililomeza mtu wake.

Siku moja tulikesha matangani pamoja na jamaa ya kijana aliyefukiwa na udongo akichimba kwa mikono. Tuliombwa kusema maneno machache. Tukakumbuka masomo yetu ya seminari, tukawasimulia watu habari ya Icarus, kijana wa Wayunani aliyeruka juu mno akaanguka baharini. Tukamaliza kwa kusema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Lakini asubuhi mama wa marehemu akatujia, akasema kwa sauti ya upole: «Mwalimu, mwanangu hakupanda juu. Alishuka chini kututafutia unga.»

Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu tulizirudia hadithi zile tena, tuone kama kweli zinasema yale tuliyozisemesha.

Icarus alifungwa pamoja na baba yake, fundi Daedalus, katika kisiwa cha Kreta chini ya mfalme Minos. Baba akatengeneza mabawa ya manyoya na nta, akamwonya mwanawe ashike njia ya katikati: akishuka mno, maji ya bahari yatalowesha manyoya, akipanda mno, jua litayeyusha nta. Mtoto akaonja furaha ya kuruka, akasahau, akapanda. Nta ikayeyuka. Mshairi Mrumi Ovidius aliyaandika hayo karibu na mwaka 8 baada ya Kristo. Tulipomsoma safari hii tuliona jambo tulilolipita zamani: yeye hamcheki mtoto yule. Anatuonyesha baba akiita jina la mwanawe juu ya maji, akiulaani ufundi wake mwenyewe, kisha akimzika. Basi tuliacha machozi ya baba, tukachukua fimbo tu.

Zipo hadithi nyingine ambazo kosa lake ni kiburi wazi. Niobe, malkia wa Thebe, alijisifu kuwa na watoto kumi na wanne, akamdharau mungu wa kike Leto aliyezaa wawili tu. Watoto wake wote wakauawa, naye akageuka jiwe linalotoka machozi. Wayunani walikuwa na neno moja kwa majivuno ya namna hiyo, ya mtu anayesahau kwamba yeye ni mtu: waliyaita hubrisi. Hawakuyatafuta katika hadithi za miungu tu. Mwaka 480 kabla ya Kristo, Xerxes mfalme wa Waajemi alishindwa nao katika vita vya merikebu huko Salamis. Miaka minane baadaye, mwaka 472, Aeschylus, aliyekuwa askari katika vita vya Waajemi, akatunga mchezo juu ya anguko hilo. Wimbo wa ushindi haumo. Aliwaonyesha Waajemi wenyewe wakilia nyumbani kwao, na watu wa Athene wakakaa wakasikiliza kilio cha adui zao.

Tangu siku zile mafundi wa kila nchi wameteka maji katika kisima hicho. Mjini Brussels, pale pale ilipokuwa ofisi kuu ya Union Minière iliyochimba shaba yetu, kuna picha mashuhuri ya Icarus. Kwa desturi inatajwa kuwa ya Pieter Bruegel, ingawa wataalamu wengine husema ni nakala ya picha yake. Katika shairi la Ovidius, mkulima, mchungaji na mvuvi wanainua macho na kushangaa. Katika picha hii mkulima analima, mchungaji anatazama pengine, na merikebu inakwenda zake. Icarus ni miguu miwili tu inayozama pembeni. Mchoraji amebadili jambo dogo, na kwa hilo anatuuliza: ninyi mlikuwa wapi jirani yenu alipoanguka?

Lugha yetu ya Kiswahili nayo haikukaa kimya. Miaka 200 hivi iliyopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya mji wa Pate, ambao matajiri wake walikuwa na majumba ya fahari, akatunga utenzi wa Al-Inkishafi ili kuionya roho yake mwenyewe. Tunasema tena: roho yake mwenyewe, si ya jirani. Na mwaka 1971 Samuel Mushi wa Tanzania aliutoa kwa Kiswahili mchezo wa Sophocles, akauita Mfalme Edipode. Mfalme huyo anamtafuta kwa ukali mwenye kosa aliyeuletea mji tauni, kumbe anayemtafuta ni yeye.

Tena wazee wetu wana hadithi zao. Babemba husimulia kwamba Chiti na Nkole, wana wa mfalme, walijenga mnara mrefu. Mnara ukaanguka, ukaua watu wengi. Baba yao akawakasirikia sana, nao mwishowe wakaondoka pamoja na watu wao. Lakini katika habari hiyo wakuu walioagiza kazi walibaki hai, na waliokufa ni watu waliokuwa chini.

Sasa tuje kwa Msiri. Kijana huyo, jina lake la kwanza Ngelengwa, mwana wa Kalasa, alitoka upande wa Unyamwezi. Akapata nguvu kwa biashara ya pembe, shaba na watumwa, akanunua bunduki, akajenga mji mkuu wake Bunkeya, kaskazini ya kwetu. Wageni waliofika huko waliandika kwamba waliona mafuvu ya watu juu ya miti ya boma. Mwaka 1891 Basanga, waliochoka na ukali wake, walikuwa wamemwasi. Mwezi wa Desemba mwaka ule akafika Kapiteni Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II. Msiri akaikataa bendera yake. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapiteni Bodson akampiga risasi, akafa.

Mtu aweza kusema: tazameni, kiburi kimelipwa. Ngojeni kidogo. Bodson naye alipigwa risasi pale pale, akafa. Stairs alikufa kwa homa huko Chinde mwezi wa Juni 1892, hajatimiza miaka 29, wala hakuona tena kwao. Na mfalme aliyewatuma, ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja, alijitwalia nchi nzima kama shamba lake, hata alipolazimishwa kuiachia Ubelgiji mwaka 1908. Hubrisi ilikuwa ya nani? Basanga wana jibu lao. Bayeke, wanaoikumbuka siku ile kama siku ya kufa kwa mfalme aliyekataa kuuza nchi, wana lao pia. Aeschylus angetuambia tusikilize vilio vya pande zote mbili kwanza.

Wachoraji wetu wanalijua jambo hili. Mwaka 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alichora picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yetu, akazieleza kwa Kiswahili kwa mwalimu Johannes Fabian. Alipochora kifo cha Lumumba, aliyeuawa hapa Katanga tarehe 17 Januari 1961, aliweka nyuma misalaba mitatu. Hakuhitaji kuandika maneno mengi. Kila Mkristo aliyeitazama alielewa kwamba kuna anguko lisilo malipo ya kiburi.

Naye Bwana wetu alifundisha hivyo kabla yetu sote. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anauliza kama wao walikuwa wakosefu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Anajibu: sivyo. Kisha anawageukia waliosimama wakimsikiliza, anawaambia watubu wao.

Basi, wapenzi, tusizitupe hadithi za Wayunani. Ni kioo kizuri, na kioo hushikwa mbele ya uso wa mwenye kukishika. Tukipata cheo, fedha au sifa, tumkumbuke Niobe. Lakini tukisimama penye kaburi la mtu, tumkumbuke Daedalus aliyemzika mtoto wake.

Tulirudi kwa yule mama. Hatukuwa na hadithi safari hii. Tulimwambia: «Mama, tulikosa.» Akatupa kiti, tukakaa naye, tukasali pamoja kwa ajili ya mwanawe.