Somo, Madrasa na Skuli: Nani Alimfundisha Mzazi wa Unguja

Tunguu, iliyo katika Wilaya ya Kati ya Unguja, siku hizi hutajwa zaidi kwa vyuo vikuu vyake viwili, yaani Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoasisiwa mwaka 1998 na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichotungiwa sheria mwaka 1999 na kuanza kusomesha mwaka 2001. Na kwa kuwa hapo husomeshwa walimu, mgeni aweza kudhani ya kwamba taalimu ya malezi iliingia shamba pamoja na majengo hayo. Dhana hiyo haina msingi. Mzazi wa Unguja alikuwa na mwalimu wake tangu zamani, na mwalimu huyo aghalabu alikuwa mwanamke wa mtaa ule ule, aliyezaa na kulea kabla yake.

Mwalimu huyo ni somo, au kungwi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, amezieleza kwa tafsili habari za uzazi, malezi na unyago, na kwa desturi mwanamke mmoja alikabidhiwa mwari tangu anapovunja ungo, akamsindikiza hata ndoani, na asimwache hata alipojifungua na kukaa arubaini, akikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, huku akielekezwa namna ya kumshika mwana, kumnyonyesha na kumwogesha. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 na ambaye ulimwengu ulimjua kwa taarab, katika visiwa hivi alijulikana pia kwa ngoma ya unyago na mafunzo yake.

Hata hivyo tusiipambe desturi ile kupita kiasi. Ilikuwa elimu ya siri, iliyotolewa kwa ada, na somo hakuwa mwenzake mwari bali mkubwa wake, ambaye maneno yake hayakujadiliwa. Wanaume nao walikuwa na jando lao, lakini jando lilimfundisha kijana kuwa mwanamume zaidi kuliko kuwa baba; na mtoto alipotoka mikononi mwa mama akapelekwa chuoni kusoma Kurani, bakora ya mwalimu ilihesabiwa kuwa sehemu ya malezi, wala baba hakuulizwa zaidi ya hapo.

Mageuzi makubwa yalitoka Mombasa. Mapema katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani, kwa kuhofia kwamba watoto wao wanachelewa katika masomo ya serikali, na wasitake wapoteze dini kwa ajili hiyo, waliomba msaada wa Aga Khan. Ikazaliwa mipango ya madrasa za awali, ambayo Bi Swafiya Said aliipa nguvu zake, na mwaka 1990 ikavuka bahari hata Zanzibar. Hapa ndipo penye jambo la ajabu: walimu hawakuletwa kutoka mbali, bali kila kijiji kilichagua wanawake wake wenyewe, wakafunzwa, kisha wakarudi kusomesha kwa vifuu, mbegu na makuti, mbele ya macho ya wazazi waliounda kamati ya kuisimamia madrasa. Mama aliyekaa barazani akiona mwanawe akihesabu vifuu bila kuchapwa alikuwa amehudhuria darasa la malezi, ijapokuwa hapana aliyemwita mwanafunzi. Baadaye vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze vikafuata njia hiyo hiyo, vikiongozwa na watu wa kijijini, na sera ya elimu ya mwaka 2006 ikaitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu ya msingi.

Kozi za malezi ambamo mzazi humwongoza mzazi mwenzake katika jamii za skuli ni warithi halali wa mambo haya, nazo zimemzidi somo kwa kuwa hapana siri ndani yake, na kila mshiriki aweza kuuliza na kubisha. Kasoro moja zimeirithi bado: viti vingi hukaliwa na akina mama. Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 humtwika wajibu mzazi, wala haikusema mama peke yake. Basi enyi wajumbe wa kamati za skuli, Tunguu na kwingineko, waiteni akina baba baada ya sala ya Ijumaa, na aongozaye kikao awe baba mwenzao.