Ngano, Tofaa Bichi na Kondoo wa Holman Hunt

Wanahistoria wa sanaa ya Ulaya wana mazoea ya kumpita kondoo haraka. Akitokea kwenye mchoro, hutajwa kuwa ishara ya Kristo, au ya waumini, au ya ile Arkadia waliyoitamani washairi wa mjini, kisha macho yanahamia kwa binadamu aliye karibu naye. Kwa kazi nyingi za kale usomaji huo unatosha. Kondoo kumi na wawili wa mozaiki katika kanisa la Sant'Apollinare in Classe, karibu na Ravenna, lililowekwa wakfu mwaka 549, wamepangwa sita huku na sita huku, na huwezi kumtofautisha mmoja na mwenzake. Hawaugui wala hawapotei. Ni kundi la waumini chini ya askofu wao, na kumuuliza mfugaji habari zao ni kumsumbua bure.

Ugomvi wangu unaanza pale usomaji huohuo unapobebwa mzimamzima na kutwikwa mchoro wa William Holman Hunt uitwao Mchungaji wa Mshahara. Hunt aliuanza kiangazi cha mwaka 1851 huko Ewell, Surrey, wakati rafiki yake John Everett Millais akichora mandhari ya Ophelia kando ya mto Hogsmill, jirani na hapo. Ulionyeshwa katika Royal Academy mwaka 1852 na leo uko Manchester. Jina lake linatuelekeza kwenye Injili ya Yohana, sura ya 10, kwa yule mtu wa mshahara ambaye kondoo si mali yake. Wasomi wengi wameufuata mwelekeo huo hadi mwisho: mchoro, wanasema, ni kejeli dhidi ya makasisi wa Uingereza waliokuwa wakizozana juu ya mafundisho huku waumini wao wakipotea. Muktadha unawasaidia. Mwaka 1850 Papa alirudisha uaskofu wa Kikatoliki nchini humo na kuzusha kelele kubwa, na mwaka 1851 John Ruskin alichapisha kijitabu juu ya umoja wa Kanisa chenye jina linalotaja ujenzi wa mazizi ya kondoo. Inasimuliwa kwamba wakulima walikinunua wakidhani watajifunza kujenga mazizi. Nawaonea huruma, lakini angalau wao walikuwa na kondoo akilini.

Ushahidi mkuu wa usomaji huo ni barua ya Hunt mwenyewe ya mwaka 1897, ambamo anamweleza mchungaji wake kuwa mfano wa viongozi wa dini wanaobishania mambo yasiyomfaa mtu yeyote. Sentensi hiyo inanukuliwa kila mahali. Kinachonishangaza ni jinsi wanukuzi wanavyoiacha barua kabla haijaisha, maana Hunt anaendelea. Anasema kondoo wamevunja mpaka na kuingia kwenye ngano, na kwamba hasara haiishii kwenye ngano iliyoharibiwa: kondoo wenyewe wataangamia, kwa sababu wakiila watapatwa na ugonjwa ambao wakulima wana jina lao la kuuita, yaani kuvimba tumbo kwa gesi. Mzee anayekaribia miaka sabini anayeeleza fumbo la dini hana haja ya kutaja ugonjwa wa mifugo. Hunt aliutaja kwa sababu ndio unaoupa mchoro wake saa na dakika.

Tuutazame mchoro wenyewe. Mchungaji, uso umemwiva kwa jua na kwa kinywaji, kipipa chake kikining'inia, ameinama begani kwa msichana na kumwonyesha nondo aliyemkamata, yule mwenye alama ya fuvu mgongoni. Msichana amepakata mwanakondoo na matofaa mabichi, na mwanakondoo anayala. Nyuma yao, upande wa kulia, ngano imeiva, na kondoo wamo ndani. Wasomi huishia kwenye nondo, kwa kuwa nondo ni ishara inayofunguka kirahisi: fuvu, mauti, ushirikina. Lakini nondo hatamuua mtu. Vinavyoua hapa ni viwili, navyo viko wazi kwa yeyote aliyewahi kuchunga: tofaa bichi katika tumbo la mnyama mchanga, na nafaka nyingi kwa ghafla katika tumbo la mnyama anayecheua. Chakula kinachacha, gesi inakosa njia, tumbo la kwanza linapanuka upande wa kushoto na kuyabana mapafu. Mnyama anaweza kufa katika muda wa saa chache. Thomas Hardy, aliyewafahamu wachungaji wa Dorset, aliijenga sura nzima ya riwaya yake ya mwaka 1874 juu ya dharura ya namna hiyo: kondoo wamevunja uzio na kuingia kwenye majani mabichi, na mchungaji Gabriel Oak anaitwa awatoboe ubavu wa kushoto ili hewa itoke. Hakuna msomaji wa Hardy anayedai kwamba Oak anawatoboa waumini.

Kwa hiyo kosa la mchungaji wa Hunt ni la kazi kabla ya kuwa la dini. Ameacha zamu. Hata nukuu aliyoichagua Hunt katika katalogi ya 1852 haikuwa aya ya Biblia, bali mistari ya wimbo wa Edgar katika tamthilia ya King Lear, juu ya mchungaji ambaye kondoo wake wako shambani. Barua ya 1897 ilikuja miaka arobaini na mitano baadaye, kutoka kwa mtu ambaye wakati huo umaarufu wake ulikuwa umesimama juu ya picha za dini. Naye mhakiki wa jarida la Athenaeum, katika mwaka uleule wa maonyesho, hakuona makasisi popote. Aliona vibarua wa shamba wenye sura mbaya na wekundu uliopita kiasi, akakinyooshea kidole kipipa. Alikuwa na dharau, ila alikuwa ametazama. Msichana kwenye mchoro alikuwa kweli kibarua wa mashamba ya Ewell, Emma Watkins. Wahakiki Raymond Williams na John Barrell wamekwisha kutuonyesha jinsi sanaa na fasihi ya Uingereza ilivyozoea kuificha kazi ya watu wa mashamba; sina la kuongeza, isipokuwa kwamba kazi ya kuchunga ni ngumu zaidi kufichua, kwa kuwa kuitenda vizuri kunafanana sana na kukaa tu.

Daktari wa mifugo atapinga kwamba ngano iliyoiva na majani mabichi ya mikunde havileti ugonjwa uleule: nafaka huleta zaidi tindikali tumboni, na mikunde huleta povu. Ni kweli. Lakini mchungaji aliyesimama shambani aliona tumbo lililojaa na mnyama anayehema, na Hunt anasema waziwazi kwamba jina alilolipokea ni la wakulima.

Jambo lililofuata linanipa nguvu zaidi. Mnunuzi mmoja, Charles Maud, alipouona mchoro huo alitaka achorewe nakala ya kondoo walio nyuma. Aliwaacha msichana, nondo na fumbo. Hunt hakutaka kujirudia, akaenda kwenye majabali ya Fairlight, karibu na Hastings, na kuchora Pwani Zetu za Kiingereza, 1852. Hapo mchungaji hayupo kabisa. Kondoo wamesogea hadi ukingoni mwa jabali, mmoja amenaswa kwenye miiba, na jua linapenya masikio yao hadi wekundu wa damu unaonekana ndani ya ngozi. Wako waliouona mchoro huu kuwa onyo juu ya pwani isiyolindwa, baada ya Louis Napoléon kunyakua madaraka Ufaransa mnamo Desemba 1851, na wako waliorudi kwenye dini. Ulipopelekwa Paris kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1855, jina lilibadilishwa kuwa Kondoo Waliopotea, na siasa ikaondoka bila hata unywele mmoja wa sufu kuguswa. Ishara inayoweza kubadilishwa kwa kubadili kibandiko haiwezi kuwa ndiyo msingi wa mchoro. Ningethubutu kusema kwamba michoro hii miwili haipaswi kuendelea kuorodheshwa chini ya sanaa ya dini, na kwamba maelezo ya Mchungaji wa Mshahara yaanze na ngano.