Ugonjwa wa gome la mfagusi

Ugonjwa wa gome la mfagusi ni ugonjwa unaoua miti ya mfagusi katika misitu ya Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Mfagusi ni mti mkubwa wa jenasi Fagus, katika familia moja na mwaloni. Ugonjwa huu hausababishwi na kiumbe kimoja bali na viwili vinavyofuatana: kwanza mdudu, kisha kuvu.

Visababishi

Mdudu ni kidugamba Cryptococcus fagisuga, mwenye rangi ya manjano na urefu usiofika milimita moja. Wote ni majike, nao huzaa bila dume. Mayai hutagwa wakati wa kiangazi. Tunutu wachanga wana miguu, na husambazwa kwa upepo, ndege na wanyama wengine. Wakishapata ufa katika gome huchoma mrija wao na kunyonya, wala hawahami tena. Hujifunika kwa nta nyeupe inayofanana na pamba, hivyo shina lililoshambuliwa sana huonekana kama limepakwa chokaa.

Gome la mfagusi ni jembamba na laini hata mti unapozeeka. Mahali penye matundu ya kidugamba seli hufa na gome hupasuka, na hapo kuvu za jenasi Neonectria huingia. Katika Amerika ya Kaskazini ni N. faginata na N. ditissima, katika Ulaya hasa ni N. coccinea. Kuvu huua tishu za gome zinazosafirisha chakula. Vidonda vikizunguka shina, mti hufa. Mingine huoza ndani na kuvunjwa na upepo ingali na majani mabichi.

Historia na uenezi

Kidugamba huyu alifika Halifax, Nova Scotia nchini Kanada, mnamo mwaka 1890 pamoja na mifagusi ya bustani iliyoagizwa kutoka Ulaya. Kufikia mwaka 1920 hivi miti ya misituni ilikuwa ikifa. Tangu hapo ugonjwa umeenea kusini na magharibi hadi majimbo mengi ya Marekani, ukishambulia mfagusi wa Marekani (Fagus grandifolia).

Wataalamu hugawa uenezi katika hatua tatu. Katika ya kwanza kidugamba yupo lakini miti bado hai. Katika ya pili kuvu huenea na miti mikubwa hufa kwa wingi. Katika ya tatu msitu hujaa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi ya miti iliyokufa. Kwa kuwa chipukizi lina urithi uleule wa mti mama, nalo huugua likikua.

Athari

Kokwa za mfagusi ni chakula cha dubu weusi, kindi, bata mzinga mwitu na wanyama wengine wa msituni. Miti mikubwa ikifa, chakula hicho hupungua. Vichaka vya machipukizi navyo huzuia mwanga, na miche ya miti mingine hushindwa kukua.

Udhibiti

Kwenye bustani kidugamba anaweza kusuguliwa kwa brashi na maji au kupigwa dawa. Msituni njia hizo haziwezekani kwa sababu ya wingi wa miti.

Tumaini liko katika miti michache, takriban 1 kwa kila 100, ambayo kidugamba hawezi kuishi kwenye gome lake. Shina la mti kama huo hubaki laini na safi katikati ya miti yenye vidonda. Kwa hiyo kukata mifagusi yote ugonjwa unapokaribia kuna hasara: miti yenye ukinzani huondolewa pamoja na mingine. Wataalamu wa misitu hushauri itiwe alama na kuachwa. Watafiti nchini Marekani huizalisha kwa kupandikiza vikonyo na kwa mbegu, kisha hupima ukinzani wa miche kwa kuiwekea mayai ya kidugamba.

Ugonjwa wa majani

Usichanganywe na ugonjwa wa majani ya mfagusi, uliotambuliwa Ohio mwaka 2012. Huo unahusishwa na mnyoo mdogo sana wa kundi la nematodi, Litylenchus crenatae mccannii, anayeishi ndani ya machipukizi ya majani. Dalili yake ni mistari myeusi kati ya mishipa ya jani. Mti usio na kidugamba unaweza kupatwa na ugonjwa huu.