Faili linalosubiri sahihi ya Rais

Jioni ya 15 Mei 1800, Mfalme George III aliingia ukumbi wa maigizo wa Drury Lane, London, na mtazamaji mmoja akamfyatulia bastola. Risasi ilimkosa. Mpigaji, James Hadfield, alikuwa askari aliyekatwa upanga kichwani akipigana na Wafaransa mwaka 1794. Aliamini Yesu angerudi iwapo yeye angeuawa na serikali. Kujiua aliona ni dhambi, basi akatafuta kosa la kunyongewa.

Wakili wake, Thomas Erskine, alithibitisha wazimu ule, na Hadfield hakutiwa hatiani. Serikali ikashikwa na hofu: mtu huyu arudi mitaani? Bunge likatunga sheria haraka, mwaka uleule, kwamba mshtakiwa kama yeye azuiliwe hadi Mfalme aridhie. Hadfield alifia hospitali ya Bethlem mwaka 1841.

Mwaka 1882 Roderick Maclean akamfyatulia risasi Malkia Victoria, naye akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu. Malkia alighadhibika. Mwaka uliofuata Bunge likabadili hukumu: ana hatia, lakini ni mwendawazimu. Kauli ya ajabu hiyo, maana mwenye hatia kwa kawaida huadhibiwa, na mgonjwa hutibiwa. Waingereza waliiacha mwaka 1964.

Kenya iliyoirithi haikuiacha. Kwa kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, jaji alikuwa akimzuilia mshtakiwa na kupeleka faili kwa Rais, ambaye aliamua akae wapi, mara nyingi gerezani au Mathari, hospitali ya Nairobi iliyoanza mwaka 1910. Ripoti ya kwanza kuhusu hali yake iliandikwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2.

Enzi za Hadfield, pengine utaratibu huo ulieleweka: dawa za kutibu wazimu hazikuwepo. Lakini dawa ya klopromazini ilipoingia hospitalini miaka ya 1950, wagonjwa wengi walianza kutulia. Tiba ikasonga, sheria ikabaki palepale. Daktari angeweza kuandika kwamba mgonjwa amepata nafuu, naye akaendelea kukaa ndani, kwa kuwa ufunguo haukuwa mikononi mwa daktari wala mwa jaji.

Mwaka 2018, katika Mahakama Kuu ya Kisumu, Jaji David Majanja aliamua kwamba utaratibu huo unakiuka Katiba: muda wa kumzuilia mtu ni kazi ya mahakama, si ya Rais.